Kiti Hupimwa Kama Kanzu

Hapa Leicester ninapoishi, mtoto wa jirani yangu, ambaye hawezi kujikalisha wima, hakupewa kiti cha magurudumu mpaka alipolazwa kitandani akapimwa nyonga, mapaja na miguu, kisha baada ya majuma kadhaa akaitwa tena akalishwe, ili fundi na tabibu wa viungo wainue hapa na wapunguze pale hadi nyonga zikae sawa. Kwani nyonga zikienda upande, uti wa mgongo nao hufuata, na mtoto hukosa hata mkono wa kunyanyulia kijiko.

Nilipokwenda kwetu Ngara, Tanzania, nilimkuta mpwa wangu, mwenye mtindio wa ubongo, katika kiti kipya cha mtu mzima kilichotolewa kwa hotuba na picha, ameinama kushoto kama mgomba uliolemewa na mkungu bila nguzo, ilhali mama yake amekijaza kanga zilizokunjwa, ambazo zilianguka kila gurudumu lilipogonga jiwe.

"Kaka," akaniambia, "wao wametoa, nami nimeshukuru, niseme nini tena?"

Tukamwita fundi cherehani na futi yake: nyonga za mtoto sentimita 26, kiti sentimita 40. Tukakata sponji ngumu, tukaijaza pande zote mbili na kuishonea kitambaa. Na seremala akapandisha pa kukanyagia kwa kipande cha ubao. Mwisho nikapenyeza kiganja chini ya makalio, nikitafuta mifupa ya kukalia, maana vidole visipoweza kuinuka hapo japo milimita 5, hiyo ndiyo dalili ya kidonda kijacho.

Maarifa haya si milki ya Uingereza: Shirika la Afya Duniani liliyapanga mwaka 2008 katika hatua nane, ya mwisho ikiwa kumrudia mtumiaji, na chuo cha TATCOT, kilichopo kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, hufundisha mafundi wa kazi hii, ila kutoka Ngara hadi huko ni kupita Nyakanazi ya Biharamulo, Kahama, Singida na Arusha, mtoto amepakatwa.

Basi wewe unayekusudia kupeleka viti Ngara au Biharamulo, fanya hisani ikamilike: fuatana na mwenye futi na ujuzi, na baada ya miezi sita umrudishe, kwa kuwa mtoto hukua, na kiti hakikui.