Pembe ya Njia Isifichwe

Ajali ikitokea mtaani, watu huuliza swali moja tu: "Je, dereva alikuwa akienda mbio?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa tuulize na la pili: "Je, aliweza kuona?" Kwa maana hata dereva mwangalifu hawezi kumwepuka mtu aliyefichwa na ukuta.

Katika nchi yetu ya Kongo twapita upande wa kuume. Sheria ya barabara ya mwaka 1978 yaagiza kwamba penye njia panda isiyo na polisi wala alama, atokaye kuume ndiye apitaye kwanza. Amri hiyo ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuikariri. Walakini, ili umpishe mtu sharti kwanza umwone. Pembe ikifichwa, haki yake yabaki kitabuni, na njiani kila mmoja hupita kwa kubahatisha.

Wajuzi wa barabara wamelipima jambo hili. Motokari iendayo kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kwa kila sekunde. Dereva aonapo hatari, huhitaji kitambo cha kufahamu na kukanyaga breki. Wahandisi wa Marekani huhesabu sekunde 2 na nusu. Katika kitambo hicho motokari imekwisha kupita mita 28 hivi, na breki haijaanza kushika. Kwa hiyo wao hutaka dereva aone mbele mita 50 kwa mwendo huo. Kwa kilometa 50 hutaka mita 65. Kwa kilometa 30, mita 35.

Tena wamepima kimo cha macho. Dereva wa motokari ndogo, akiwa ameketi, macho yake yako juu ya ardhi kwa mita 1 na sentimita 8 tu. Ndiyo sababu miji mingi ya kwao yakataza kuacha miti ya ua irefuke kupita kama sentimita 90 penye pembe ya njia. Kwa mpita njia aliyesimama, ua wa mita 1 na nusu ni mfupi. Kwa dereva ni pazia.

Sisi tunakaa katika mtaa mmoja wa Lubumbashi, ambapo njia mbili za udongo hukutana. Kwenye pembe ile palikuwa na ukuta wa matofali, ua wa miti iliyosongamana, na kibanda cha mama mmoja mjane auzaye mkate, mafuta na makala. Siku moja tuliomba motokari ya jirani, tukaisimamisha pua yake ikigusa ukingo wa njia. Macho ya dereva yalibaki nyuma zaidi ya mita 2. Kutoka pale tulihesabu hatua tulizoweza kuziona upande wa kuume: zilikuwa kumi na tano. Umbali huo motokari yenye mwendo wa kilometa 40 huumaliza kwa sekunde moja tu. Na hapo ndipo watoto wetu hupita asubuhi wakienda shuleni.

Mwenye ua hakubisha. Jioni ile ile alishika panga, akakata miti mpaka chini ya kiuno. Lakini yule mama alituambia: "Baba zangu, watu hununua kwangu kwa sababu niko pembeni. Mkinisukuma ndani, watoto wangu watakula nini?"

Maneno yale yalitunyamazisha. Ni vyepesi kumwamuru maskini aondoke kwa ajili ya usalama wa wote, kisha kumwachia yeye peke yake gharama ya usalama huo. Tulishauriana siku mbili. Jirani mmoja alimpa nafasi mbele ya lango lake, hatua ishirini kutoka pembeni. Vijana wakakihamisha kibanda bila malipo. Na sisi wazazi tukaagana kuendelea kununua mkate kwake. Wateja wengine walipungua mwanzoni, hatufichi. Lakini kibanda kingali wazi.

Ukuta ungali umesimama. Mwenyewe asema wamlinda na wevi, nasi hatuwezi kumcheka kwa hofu hiyo. Tumemshauri aondoe matofali ya juu penye pembe, atie vyuma vya dirisha, ili mwizi azuiliwe na macho yapite. Bado afikiri. Kwa hiyo twawaomba madereva na wenye pikipiki wasimame hapo mara mbili: kwanza kabla ya pembe, kisha baada ya kusogea polepole mpaka njia ionekane. Nao watoto tumewafundisha wasitoke mbio nyuma ya ukuta, bali wasimame ukingoni, wamtazame dereva, wakahakikishe kwamba yeye naye amewaona.

Ndugu wasomaji, wazee walisema: tahadhari kabla ya hatari. Tokeni leo mkatazame pembe ya njia yenu. Chuchumaeni mpaka macho yenu yafikie kimo cha dereva, mhesabu hatua mnazoziona. Zikiwa chache, waiteni majirani kabla ya kumlaumu mtu. Kiwanja ni mali ya mwenyewe; lakini mtoto apitaye pembeni mwake ni wetu sote.