Sakafu ya mbao nayo inapumua

Goma, mtaa wa Lac Vert – Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mama mwenye nyumba ameamka kwenda kuwasha makala. Ubao mmoja ulikatika chini yake, mguu ukazama mpaka kwenye goti. Hakuumia sana. Lakini hatua mbili kutoka lile tundu walikuwa wamelala watoto wanne: wawili wake, na wawili wa familia ya wakimbizi wa ndani aliyoipokea kutoka Masisi.

Nyumba yao ni kama nyingi za muji huu: kuta za mbao, manjanja juu, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba msingi kwenye mawe hayo ni kazi ngumu na ya bei. Tena watu hawajasahau tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka ndani ya muji mpaka ziwani. Nyumba ya mbao inajengwa haraka, na siku ya shida inaweza kubomolewa na kuhamishwa.

Kabla ya wageni kufika, nyumba ilikuwa na watu sita. Sasa wako kumi na moja. Vitanda havitoshi, kwa hiyo wageni wanalala chini, juu ya mkeka. Goma iko kwenye urefu wa karibu metre 1.500 juu ya bahari, na usiku wa mvua baridi yake si mchezo. Upepo ulikuwa unapita chini ya nyumba na kupanda katikati ya mbao, moja kwa moja kwenye migongo ya watoto. Walikohoa usiku kucha.

Baba wa familia ya wageni hakuwa na kazi wala franka ya kusaidia. Aliona atoe mikono yake. Alikusanya mifuko ya zamani, vipande vya turubai na mawe, akaziba nafasi zote chini ya nyumba, pande zote nne. Kweli, baridi ilipungua. Mwenye nyumba alimshukuru mbele ya watu.

Baada ya miezi michache, harufu ya ukungu ikaanza. Asubuhi mkeka ulikuwa na maji upande wa chini. Mbao zikageuka nyeusi. Walidhani ni watoto wanakojoa. Kumbe ni sakafu ilikuwa inaoza.

Fundi wa mbao alipoitwa, alipiga magoti, akachungulia chini, akavuta turubai moja.

“Mama, hii nyumba mulifunga pua yake. Itapumua wapi?”

“Papa fundi, baridi ilikuwa inatuua. Tungefanya je?”

“Baridi muizuie hapa juu, kwenye mbao. Kule chini muache upepo upite.”

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Udongo na mawe hutoa unyevu kila siku, hata kama mvua hainyeshi. Upepo ukipita chini ya nyumba, unaubeba unyevu huo na kwenda nao. Ukiziba, unyevu unakosa njia, unapanda na kuingia kwenye mbao. Ubao unaokaa na maji muda mrefu unaota ukungu, kisha unaoza.

Kuna jambo lingine ambalo wakaaji wa upande huu, mpaka Bulengo, wanalijua: mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mahali pa chini, hasa usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Kufungua nafasi chini ya nyumba hakuondoi mazuku. Anayeishi karibu na shimo linalojulikana asilale chini, na ashauriane na watu wa Observatoire Volcanologique de Goma. Lakini kufunga hewa chini ya watoto waliolala sakafuni, katika mtaa kama huu, ni kuongeza hatari.

Matengenezo yalichukua siku nyingi kuliko pesa. Kwanza walitoa mawe na turubai zote, wakaacha sakafu ikauke wiki nzima. Mbao sita zilizooza na muti mmoja wa kuzibeba vilibadilishwa. Nafasi za upepo ziliachwa pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule, zikawekwa wavu wa waya kwa ajili ya panya. Kandokando walichimba mfereji mdogo ili maji ya manjanja yasikimbilie chini ya nyumba.

Ndipo wakashughulikia baridi. Fundi alitoa bure unga wa mbao mkavu wa kazi yake. Waliujaza kwenye mifuko, wakaibana chini kabisa ya mbao za sakafu, katikati ya miti inayozibeba, na kuishikilia kwa wavu na vibao vyembamba. Mifuko inagusa sakafu, haigusi ardhi. Upepo unapita chini yake. Nyufa za juu zilizibwa kwa vibao na vitambaa, kisha karto, kisha mkeka. Kila asubuhi mkeka na karto vinainuliwa ili mbao zikauke.

Sharti moja fundi alilirudia mara tatu: unga wa mbao unashika moto, kwa hiyo mbabula isiingie ndani. Na hata bila unga huo, makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gazi inayoua watu usingizini.

Kazi hiyo yote aliifanya yule baba mgeni, chini ya macho ya fundi. Siku ya kwanza alikuwa hawezi kumtazama mwenye nyumba usoni. Alisema ameharibu nyumba ya watu waliomsitiri. Mwenye nyumba alimjibu mbele ya watoto: “Hata mimi nilikushukuru siku ile. Tulikosa wote wawili.”

Watoto bado wanalala chini, maana vitanda havijapatikana. Lakini mkeka ni mkavu asubuhi, na ile harufu imekwisha. Jirani wawili wamekwisha kuja kuchungulia chini ya nyumba, kisha wakarudi kwao kuondoa mawe.