Petro Juu ya Dari, Saa Sita Mchana





Mwaka 2016 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Adam Lueke na Bryan Gibson, walichapisha utafiti mdogo ulionikalia moyoni wiki hii. Baadhi ya wanafunzi Wazungu walisikiliza kwanza, kwa dakika 10, sauti iliyowaongoza kuyatazama mawazo yao pasipo kuyahukumu. Wengine hawakuongozwa hivyo. Kisha walionyeshwa picha za nyuso, nyeupe na nyeusi, wakaulizwa katika mchezo wangemkabidhi kila mmoja fedha kiasi gani. Wale ambao hawakutafakari waliwaamini weupe kuliko weusi. Kwa waliotafakari, tofauti hiyo ilipungua.

Hawakuhubiriwa juu ya usawa. Wala Mungu hakutajwa. Nadhani jambo lenyewe ni hili: shaka juu ya mtu wa rangi nyingine huitangulia fikra. Jicho huona uso, na hukumu hutolewa kabla akili haijaketi. Ukimya huweka nafasi ndogo katikati.

Kanisa linaijua nafasi hiyo tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro yuko Yopa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Amepanda darini kusali saa sita mchana, saa ambayo sisi husali Malaika wa Bwana. Anaona maono mara tatu, wala haelewi. Angali anajiuliza, watu waliotumwa na Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, wanasimama mlangoni. Petro anateremka, na wageni wale wasio Wayahudi anawakaribisha walale. Kesho yake anafuatana nao hadi Kaisarea, kwenye nyumba ambayo desturi ilimkataza kuingia. Sala haikumwondolea desturi yake yote. Ilimwezesha kufungua mlango.

Hata hivyo, Paulo anawaandikia Wagalatia, katika sura ya 2, kwamba baadaye huko Antiokia Petro huyohuyo alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, kisha walipofika watu fulani akajitenga kwa hofu. Paulo akamkemea mbele ya wote. Basi dakika 10, zilizopimwa papo hapo, tusizitarajie kufanya kazi ya miaka.

Miji yetu inalijua jambo hili. Mwafrika na Mhindi wameuziana kwa vizazi, fedha zikipita juu ya kaunta kila siku, hata kwa mkopo. Ni wangapi wamewahi kukaribishana mezani? Kuaminiana kwa fedha tumekuzoea. Kwa chakula bado tunaogopana, na wakati mwingine hata katika benchi moja la kanisa.

Alhamisi jioni tutakuwa na Ibada ya Kuabudu Ekaristi kwa saa nzima. Wanakwaya wanisamehe: nusu saa ya kwanza hatutaimba.