Kunde za Kakapel

Kutoka Cheptiret, tulikohamia na kuiacha bahari, tulipita Eldoret, Webuye na Bungoma hadi vilima vya Chelelemuk, karibu na mpaka wa Uganda. Tulipiga hema, tukasali Adhuhuri, kisha tukaliendea jabali la Kakapel.

Chini ya mwamba ulioinama kama paa pana miduara na ng'ombe, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Kijana wetu alitaka kuirushia michoro maji ili ikolee katika picha. Bibi yake akamshika mkono. Maji huivuta juu chumvi iliyomo jiweni, ikatanda juu ya rangi mfano wa ukungu, na wageni wakizidi hubaki jiwe tupu.

Lakini kilichotugusa zaidi sisi akina mama kilitoka ardhini. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa hapo ilichimbuliwa punje ya kunde yenye miaka ipatayo 2,300, kongwe kuliko zote zilizopimwa umri Afrika Mashariki. Kunde! Hii hii tuitiayo nazi.

Usiku tuliipika, na bibi akashikilia tui liwe zito: wale wa kale, alisema, nazi hawakujaaliwa.