Robo ya Usalama

Pikipiki yangu ni Honda CG 125. Niliinunua mkononi mwa mtu nikiwa bado mwalimu mkuu, na imenibeba miaka mingi kati ya Nyamongo, Nyamwaga na Tarime mjini. Kazi ya kubadilisha oili sikumwachia mtu. Niliimwaga mwenyewe, nikaifuta nati ya chini ya injini, nikairudisha na kuikaza. Ikisha kukaza, hofu hunijia kwamba italegea njiani, basi huongeza robo mzunguko. Niliiita robo ya usalama.

Mwaka jana bega liliniuma, nikaipeleka pikipiki kwa kijana mmoja fundi mwenye kibanda Nyangoto. Alipomaliza aliniambia, "Mwalimu, hesi za nati hii zimechoka." Nilitikisa kichwa tu, nikaondoka. Siku ya tatu nilikuta doa jeusi uani. Nilipoishika nati, ilizunguka bure, haikazi wala haitoki.

Nilikwenda kibandani nimekasirika. Mbele ya vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja zamu zao, nilimwambia kwamba ameniulia pikipiki, na kwamba vijana wa siku hizi wanajua kupokea fedha tu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ikanibidi niitikie marahaba.

Aliitoa nati kwa kuivuta huku akiizungusha, akaiweka kiganjani mwangu. Kati ya meno yake mlikuwa na nyuzi za chuma cheupe. Chache ziling'aa, nyingi zilikuwa nyeusi, zimeoza kwa oili ya miaka. Wosha ilikuwa imebanwa hadi kuwa nyembamba kama kucha. Hakusema nani alifanya hivyo. Hakukuwa na haja.

Akanieleza kwa upole. Nati ni chuma kigumu, lakini mwili wa injini ni alumini, ambayo ni laini. Ukizidisha nguvu, kigumu hakidhuriki. Laini ndiyo inayovutwa, kidogo leo, kidogo kesho. Na haitoi sauti. Siku inapokatika, wa mwisho kuigusa ndiye anayelaumiwa.

Kijana mmoja pale alishauri nati izungushiwe utepe wa mabomba na gundi. Fundi alikataa. Injini hupata joto na kutikisika. Nati ikidondoka barabarani, oili yote, karibu lita moja, humwagika, na injini hukwama kabla hujajua kuna nini. Njia ya haki ni kukata hesi mpya. Wenye vifaa hutia koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ili nati ya zamani ibaki. Yeye hakuwa nayo. Alipima unene wa chuma kuzunguka tundu, akaona unatosha kupanua kutoka milimita 12 hadi 14.

Alitumia drili ya milimita 12 na nusu. Kisha akapaka grisi kwenye chuma cha kukatia hesi ili chembe zinase humo zisiingie ndani. Alikizungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, bila haraka, akikitoa na kukifuta mara kwa mara. Nati mpya ilichongwa kwa fundi mkerezaji anayetengeneza makarasha ya wachimbaji wadogo. Mwishowe akamimina oili kidogo ipite na kuosha tundu.

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama, nikakumbuka jambo. Miaka ya themanini nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita aliyechelewa kila siku kwa sababu ya kupeleka ng'ombe malishoni. Nilimchapa. Alipochelewa tena, nikaongeza. Hakulia wala kujitetea, nami nikaona dawa inafanya kazi. Siku moja hakuja, wala hakuja tena. Katika daftari la mahudhurio niliandika neno moja, "mtoro", kisha nikamlaumu baba yake. Chuoni tulifundishwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sikuuliza hukunjwa kiasi gani.

Yule mtoto sijui nimtafutie wapi. Lakini fundi alikuwa mbele yangu, na waliosikia matusi yangu bado walikuwapo. Kwetu si kawaida mzee kumwomba kijana radhi hadharani. Nilisimama nikasema, "Mwanangu, nati hii niliiharibu mimi, na uliponionya sikusikia. Nisamehe." Aliinamisha macho, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu."

Akairudisha nati na wosha mpya. Aliianzisha kwa vidole, kisha akaikaza kwa spana fupi, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. "Inatosha," akasema. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka kuipokea spana. Nikaurudisha.