Anayeandika Ripoti Naye Alindwe



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa kazi za kichungaji Mikumi. Wengi wanaijua Mikumi kwa hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa barabara kuu ya kwenda Iringa, ambako basi likipunguza mwendo abiria hunyoosha shingo kutafuta twiga. Sisi tunaikumbuka zaidi kwa safari moja ya kwenda Kilosa mjini, kwenye mahakama ya wilaya. Tulimsindikiza mama mmoja wa jumuiya tuliyokuwa tukisali nayo. Mwanae wa miaka 19 alikuwa amekiri kuiba magunia mawili ya mahindi, na siku hiyo alisubiri adhabu.

Njiani tulipita Ulaya. Ndiyo, mahali hapo panaitwa Ulaya, na kondakta alitutania kwamba tumefika bila pasipoti. Tulicheka, ila mama hakucheka. Alishika rozari yake mpaka tuliposhuka.

Kabla ya kumwona hakimu tulikutana na wengine: mlinzi aliyetuonyesha benchi, karani aliyelitafuta jalada, na afisa probesheni. Huyu wa mwisho alikuwa ameshakwenda kijijini, akazungumza na mwenyekiti wa kitongoji, majirani na hata mwenye mahindi. Ripoti yake ilimsaidia hakimu kuamua. Kijana hakupelekwa gerezani. Alipewa huduma kwa jamii: kufanya usafi zahanati bila malipo, chini ya usimamizi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu hivyo pale ambapo kifungo kisingezidi miaka 3.

Baadaye tulimkuta afisa yule chini ya mti, anakunywa chai.

"Shikamoo baba. Hivi watu hawakusumbui ili uandike wanavyotaka wao?"

"Marahaba, wanangu. Wananisumbua sana," alijibu. Akatusimulia kwamba katika kituo chake cha kwanza, mkoa mwingine, mtu mmoja mwenye uzito alimwambia abadilishe ripoti, la sivyo kazi hana. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu. Hatukulala. Asubuhi nikakumbuka kwamba mimi ni mtumishi wa umma. Kunifukuza lazima nipewe mashtaka kwa maandishi, nijitetee, na nisiporidhika nikate rufaa. Nikaipeleka ripoti kama ilivyo."

Tulikaa kimya. Siku zote tulidhani ulinzi wa kazi ni jambo la mfanyakazi na tumbo lake. Pale tuliona kwamba unamlinda pia mtu asiyemjua kabisa: kijana maskini ambaye ukweli wake umeandikwa na mkono wa mwingine. Mkono huo ukitetemeka, anayeumia ni yeye.

Afisa probesheni yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lakini si askari. Nidhamu yake inafuata Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Makarani na wahudumu wa mahakama nao wana mlango wao: Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliwaweka katika Utumishi wa Mahakama, wenye tume yake. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kuachishwa kazi, na mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alitenda haki.

Lakini haki hizo humfikia kwa urahisi mwenye karatasi. Tuliporudi Mikumi tulimsimulia hayo dada mmoja wa kwaya, naye akatabasamu kwa uchungu. Aliwahi kujitolea kupanga majalada kwenye ofisi moja ya mahakama, mbali na huku, kwa miaka mitatu akipewa nauli tu. Siku moja akaambiwa asirudi kesho. Hakuwa na barua ya kuajiriwa, kwa hiyo hata ya kumwachisha haikuwepo. Alipotaka kulalamika hakujua aanzie wapi.

Tulitaka kukasirika kwa niaba yake. Kisha mmoja wetu akauliza, "Na yule mama aliyekuwa akitupikia?" Alikuwa anasema juu ya nyumba moja ya malezi tuliyowahi kukaa. Kwa miaka mingi mama yule aliamka kabla ya kengele ya Masifu ili sisi tukute uji wa moto. Hakuwa na mkataba wala michango ya NSSF. Tulisoma *Rerum Novarum* ya mwaka 1891 tukafaulu mtihani, huku tukila ugali wake. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata kikamilifu sheria za nchi kuhusu kazi, na kulipa ujira wa haki. Hatukuwahi kumuuliza mtu yeyote kama inafuatwa jikoni kwetu.

Tumemwandikia barua mlezi wetu wa wakati ule. Amejibu kwamba atalifuatilia. Hatujui litafika wapi, na mikono yetu ilitetemeka kidogo tulipokuwa tukiandika, maana sisi nasi tuna ripoti zinazoandikwa juu yetu.

Ndugu msomaji, katika parokia yako yupo katekista, mlinzi, mpishi au karani wa ofisi. Ukiwa kwenye kamati ya fedha, uliza swali moja tu: je, ana barua? Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anasema kilio cha vibarua kinafika masikioni mwa Bwana. Kabla hakijafika huko, kinapita kwanza mlangoni petu.

Tuombeane.