Biblia na Sepeto

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, mwinjilisti ndiye wa chini kuliko wote wanaosimama kuhubiri. Mchungaji hubatiza, huadhimisha Chakula cha Bwana na kufungisha ndoa. Mwinjilisti hukaa mtaani, kule ambako mchungaji hufika kwa zamu. Huongoza ibada za Jumapili, hufundisha watoto wa Kipaimara, hutembelea wagonjwa, huzika, na akigongewa mlango usiku huamka. Kazi hiyo nimeifanya tangu ujana hadi nilipostaafu, kwenye mitaa ya Muleba upande wa Kamachumu, na sikuwahi kupanda cheo. Vijana huniuliza kama iliniuma. Miaka ya mwanzo iliniuma sana. Baadaye kazi ilinielemea, nikakosa nafasi ya kuumia.

Nilianza wakati Askofu wetu ni Josiah Kibira. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na yeye akachaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Bukoba nzima ilitembea kifua mbele. Lakini mimi uongozi sikujifunzia kwa maaskofu. Nilijifunzia kwenye ushirika wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukatufikia. Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, walikaa benchi moja, mchungaji na mchunga ng'ombe, na kila mmoja alisimama kwa zamu yake kusema dhambi zake mbele ya wenzake, kisha wote wakaimba wimbo wa Tukutendereza. Nilimwona mtu mwenye gari akimwomba radhi kibarua wake hadharani. Najua walokole walikuwa na makali yao, na wengine walipenda kusikia dhambi za jirani kuliko za kwao. Hata hivyo, aliyepita kwenye benchi lile hasahau.

Vita ya Kagera ilitupitia haraka. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbilia kusini wakiwa na magodoro kichwani. Walilala kanisani, tukawapikia ndizi. Aprili 1979 Kampala ilianguka, wakaanza kurudi kwao. Tulidhani tumekwisha kuona baya kuliko yote.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu. Jina hilo hatukuwa nalo bado. Tuliuita Juliana, kwa kitambaa kilicholetwa na watu wa magendo kutoka Uganda, na wengi waliamini ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa fedha zao. Mtu alikonda, akaharisha, ngozi ikaota mapele, na kabla hajafa ndugu walikuwa wamekwisha kuhama chumba. Sahani yake iliwekwa pembeni. Wapo waliopewa chakula kwa kusukumiwa na fimbo.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kazi yangu. Wauguzi wa Ndolage, hospitali ya kanisa letu, walinieleza kwa uvumilivu kwamba ugonjwa hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula pamoja, na kwamba nikiosha mwenye vidonda nivae glavu. Zikikosekana, mifuko ya nailoni. Nilikwenda na sabuni na beseni. Wa kwanza alikuwa kijana niliyemfundisha Kipaimara, dereva wa lori. Alinikataza nisimguse, akasema, “Mwinjilisti, utachafuka.” Nikamwambia Bwana wetu naye alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu, na hakuna aliyeandika kwamba ilikuwa safi. Alicheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu. Nikamwosha mgongo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Siku iliyofuata nilimkuta mama mwenyewe anamwosha.

Kwenye kikombe cha Meza ya Bwana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu hofu ilikaa hata kwa wazee wa baraza. Siku ya Chakula cha Bwana watu waliangalia nani yuko mbele yao kwenye foleni. Sikuwa na mamlaka juu ya meza. Hiyo ni ya mchungaji. Nilichoweza ni kujipanga wa mwisho, nyuma ya wagonjwa wote. Sikuhubiri neno juu ya jambo hilo. Polepole nikaona wengine wanarudi nyuma ya foleni pamoja nami, wa kwanza wao mke wangu.

Kisha mazishi yakazidi. Kwetu Wahaya mtu huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba, na vijana wa kuchimba ndio waliokuwa wanakufa. Mimi na katekista wa Kikatoliki, jirani yangu, tukawa tunasaidiana: akifiwa na muumini, nachukua sepeto, nikifiwa mimi, anakuja yeye. Hakuna kamati iliyotutuma, na nadhani kamati ingetuchelewesha.

Baada ya kuzika ndipo ugomvi ulipoanza. Wazee wa ukoo walikaa siku ya kumaliza matanga kumtaja mrithi, na mjane asiye na mtoto wa kiume aliambiwa afungashe. Nakumbuka mmoja aliyebaki na mabinti tu. Shemeji yake, aliyekitaka kibanja, alikuwa mzee wa baraza letu na mtoaji mkubwa kuliko wote. Kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, mkungu wa ndizi aliutajia bei ambayo wengine hawakuthubutu kuitaja. Kikao cha ukoo kilipokwisha wazee waliniomba nifunge kwa sala. Nikasema uamuzi huo sitauombea. Kimya kikaingia. Shemeji akasema, “Mwinjilisti, kazi yako ni kuomba, si kugawa mashamba.” Nikajibu kwamba ndiyo maana nimekataa kuomba.

Watu wengi wanadhani unyenyekevu ni kuinama kila mwenye fedha anapokohoa. Huo si unyenyekevu, ni njaa. Na njaa ilikuja kweli. Posho yangu ilitoka kwenye sadaka ya mtaa, na shemeji yule akaacha kutoa, akavuta na ndugu zake. Msimu mzima tuliishi kwa kahawa aliyoivuna mke wangu na maharage ya mama zetu wa kwaya. Mke wangu hakulalamika mbele za watu. Nyumbani alilalamika, na alikuwa na haki.

Lakini kulikuwa na jambo la kushikilia. Mwaka 1990, katika kesi ya mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila ya Kihaya inayomnyima mwanamke haki ya kuuza inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Habari ile ilinifikia kupitia mwalimu mmoja, nami nikaibeba hadi mahakama ya mwanzo nikiwa na yule mjane. Haikuwa kesi ile ile, na hatukupata yote. Alibaki na nyumba, migomba inayoizunguka na kaburi la mumewe. Sehemu ya bondeni ikaenda. Shemeji hakunisalimia tena hadi alipofariki. Nilimzika mimi.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004 na kuendelea, sepeto langu likapumzika. Nimewaona watu niliokuwa nimewaandalia maneno ya mazishi wakija kunisalimia wakiwa na wajukuu. Nilistaafu kwa ibada nzuri, mbuzi mmoja, shuka na hotuba nyingi za kunisifu kwa unyenyekevu. Pensheni haikutajwa, kwa sababu haikuwapo.

Kwa hiyo ninyi mnaochanga fedha za gari la kiongozi na zulia la madhabahuni, endeleeni, sina neno. Ila Jumapili hii, ibada ikimalizika, mwulizeni mwinjilisti wenu kama ana bima ya afya. Akitazama chini, pitisheni kapu mara ya pili.